Aliyechechemea Hadi Mwisho

  Nawasalimu ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na hasa ninyi mlio vitandani kwa ugonjwa, ambao redio ndiyo mgeni wenu wa kwanza kila asubuhi. 

Somo letu la leo latoka katika Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, mstari wa 1 hadi wa 3. Kama una Biblia karibu nawe, ifungue. Kama huna, sikiliza tu. Mwandishi wa waraka huu anatuonyesha Mkristo kama mtu aliyeingia uwanjani kushindana mbio. Anatushauri tuweke kando kila kitu kinachotulemea, pamoja na dhambi inayotung'ang'ania, tukimbie kwa uvumilivu huku macho yetu yakimwelekea Yesu.

Kabla sijalieleza somo hili, sina budi kuwapa habari moja ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuisema.

Nilipokuwa kidato cha tatu, katika miaka ya tisini, nilikuwa mkimbiaji. Sikuwa hodari sana, lakini katika shule yetu hapakuwa na wa kunishinda katika mbio za mita 5,000, na jambo hilo lilinipa kiburi. Nikachaguliwa kwenda kwenye mashindano ya wilaya. Mama yangu aliuza kuku wawili ili nipate viatu vya mpira. Siku ilipofika tukapakiwa katika lori la shule, tukaimba njia nzima.

Mbio zile ni mizunguko kumi na miwili na nusu. Uwanja ulikuwa wa nyasi, na mistari ilichorwa kwa chokaa. Mizunguko minne ya kwanza niliongoza mimi, na wenzangu wakaimba jina langu. Katika mzunguko wa tano vijana wawili wakanipita. Katika wa sita wakanipita wengine watatu. Katika wa saba alinipita kijana mmoja mdogo, mwembamba, asiye na viatu, naye alinipita bila hata kunitazama. Nikasikia watu wakicheka. Labda hawakunicheka mimi, lakini hivyo ndivyo masikio yangu yalivyosikia.

Basi, wasikilizaji, pale pale nilishika paja langu la kulia, nikauma meno, nikaanza kuchechemea. Hatua chache tu, nikatoka nje ya mstari, nikajitupa kwenye nyasi. Walimu wakaja mbio. Wakanikanda, wakaninywesha maji ya glukosi, na wenzangu wakanibeba begani hadi kwenye lori. Kila mtu akasema, "Pole sana. Kama si mguu, ungalishinda." Nilipofika nyumbani, mama alichemsha maji ya chumvi, akaukanda mguu ule jioni tatu mfululizo.

Mguu wangu ulikuwa mzima. Kilichokuwa kigonjwa ni moyo.

Nimewaambia habari hii kwa sababu watu wengi hudhani ya kuwa ushindi katika michezo ni jambo la miguu na mapafu peke yake. Husema, "Wale wamezaliwa nyanda za juu, hewa yao ni nyepesi, ndiyo maana wanakimbia." Ni kweli, mwili una sehemu yake, na Mungu hakutugawia sote miguu ya namna moja. Lakini kijana yule asiye na viatu alizaliwa katika wilaya ile ile niliyozaliwa mimi. Alivuta hewa ile ile, akala ugali ule ule. Aliponipita mimi nilikuwa na viatu, naye alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Kitu hicho ni nini? Nataka tukitazame katika mambo matatu.

Jambo la kwanza: mshindi hutayarishwa mahali pasipo na watazamaji.

Kule Kaptagat, si mbali na mji wa Eldoret, kuna kambi ya wakimbiaji ambako Eliud Kipchoge alifanya mazoezi kwa miaka mingi. Mtu huyu mnamjua. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 huko Paris. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda Michezo ya Olimpiki ya London. Wengi wangalisema siku zake zimekwisha. Yeye mwaka uliofuata akaingia katika mbio za marathoni, akajifunza upya. Akapata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Rio de Janeiro mwaka 2016, akaipata tena katika Michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021. Na tarehe 12 Oktoba 2019, katika mji wa Vienna, alikimbia urefu wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mwendo ule haukuandikwa kuwa rekodi rasmi, kwa kuwa alisaidiwa na wakimbiaji waliopokezana kumshikia kasi. Hata hivyo hakuna binadamu aliyekuwa ameona mtu akikimbia urefu huo chini ya saa mbili.

Lakini mimi sivutwi sana na siku ile ya Vienna. Navutwa na mambo mawili madogo. La kwanza, kila siku ya mazoezi huandika katika daftari mambo aliyoyafanya. La pili, katika kambi ile kila mtu alikuwa na zamu ya kazi, naye, hata alipokuwa tajiri na mwenye sifa duniani kote, alishika zamu yake ya kusafisha vyoo kama wenzake. Hakuna anayepigiwa makofi kwa kusafisha choo. Hakuna kamera inayokuja kupiga picha ya daftari. Lakini mtu anayeweza kujitawala katika mambo hayo madogo, pale asipoonekana, huweza kujitawala katika kilomita ya thelathini na tano, mwili unapolia.

Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anawakumbusha watu wa Korintho jambo walilolijua vizuri, maana mashindano ya mbio yalifanyika karibu na mji wao. Anasema ya kuwa kila ashindanaye hujizuia katika mambo yote, na hao hufanya hivyo kwa ajili ya taji la majani litakalonyauka. Sisi je, tunaotazamia taji lisiloharibika?

Ndugu yangu, Danieli hakuanza kuomba siku ile ya simba. Alikuwa na desturi ya kupiga magoti mara tatu kila siku, na siku ya simba ilimkuta magotini. Sisi wengi tunataka imani ya siku ya simba bila magoti ya kila siku. Tunataka ndoa iwe imara siku ya msiba, lakini siku za kawaida hatusemezani mezani. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Tabia hujengwa hivyo, na tabia hubomoka hivyo hivyo.

Jambo la pili: mshindi ni yule anayekumbuka alichotumwa.

Twendeni sasa katika mji wa Mexico, mwaka 1968. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Nawaombeni tuitazame siku moja tu, tarehe 20 Oktoba. Sisi Wakenya twaijua tarehe hiyo. Wakati ule iliitwa Siku ya Kenyatta, na siku hizi ni Siku ya Mashujaa.

Siku hiyo Kipchoge Keino wa kwetu, polisi aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, alitakiwa kukimbia fainali ya mita 1,500. Alikuwa mgonjwa. Nyongo yake ilikuwa ikimtesa kwa maumivu makali. Siku saba kabla yake, katika mbio za mita 10,000, alianguka karibu na mwisho, akatoka nje ya mstari na kulala kwenye nyasi. Watu wa machela wakamjia. Yeye akainuka, akarudi uwanjani, akamaliza, ingawa kwa sheria alikuwa amekwisha kutolewa mashindanoni kwa kuuacha mstari. Siku ile ile Naftali Temu aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Siku nne baadaye Keino akapata medali ya fedha katika mita 5,000, akipungukiwa kidogo sana na Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Madaktari wakamshauri asikimbie tena. Lakini siku ya fainali akaondoka. Magari yakawa yamesongamana barabarani, naye akashuka, akaenda mbio kwa miguu yake hadi uwanjani.

Huko alimkuta Jim Ryun wa Marekani, mshika rekodi ya dunia. Mwenzake Keino, Ben Jipcho, akajitoa. Aliukimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa mno ili mwendo uwe mkali tangu mwanzo, akijua ya kuwa nguvu zake mwenyewe zitakwisha. Na kweli zilikwisha, akamaliza wa kumi. Keino akaipokea kasi ile, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, mbele ya Ryun kwa karibu sekunde tatu. Kenya nzima ikashangilia.

Sasa, msikilizaji, siku hiyo hiyo, katika mji huo huo, kulikuwa na mbio za marathoni. Alishinda Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu wakampigia makofi, medali zikatolewa, jua likaanza kuzama, watazamaji wengi wakaondoka uwanjani. Zaidi ya saa moja ikapita. Ndipo akaingia mtu mmoja peke yake, mguu umefungwa bendeji, akichechemea. Alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania. Alikuwa ameanguka njiani, akaumia vibaya goti na bega. Wakimbiaji zaidi ya kumi na watano walikuwa wameacha njiani siku ile, na wengi wao hawakuanguka kama yeye. Yeye akauzunguka uwanja akiwa nusu anakimbia, nusu anatembea, hadi akauvuka mstari. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa. Watu wachache waliobaki wakasimama wakampigia makofi kama waliompigia mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, ya kuwa nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu. Ilimtuma amalize.

Mimi niliposikia habari ya mtu huyo kwa mara ya kwanza, nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia. Mwalimu wetu aliisimulia darasani, na wenzangu wakatikisa vichwa kwa furaha. Mimi nilitazama chini. Mimi nilichechemea kwa uongo ili niache. Yeye alichechemea kwa kweli, akamaliza. Mimi nilifikiri juu ya wanaonitazama. Yeye alifikiri juu ya waliomtuma.

Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Keino alikuwa wa kwanza, Akhwari alikuwa wa mwisho, na Jipcho alikuwa wa kumi. Watatu hao, siku ile moja, walikuwa na moyo wa namna moja. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza, "Watu watanionaje?" Mtu anayekimbia ili aonekane huacha mara tu anapopitwa. Mtu aliyetumwa hapitwi na yeyote, maana kazi yake haikuwa kumtazama jirani.

Ninyi akina mama mnaowauguza waume zenu mwaka wa tatu sasa, nanyi mnapitwa na wenzenu wanaokwenda harusini, nasema nanyi. Nawe mwalimu wa shule ya mbali, ambaye uliosoma nao wamekwisha kuwa wakubwa mijini, nasema nawe. Nawe mzee wa kanisa unayefungua mlango kila Jumapili kwa ajili ya watu kumi na wawili. Hamjapitwa. Mlitumwa. Na aliyewatuma hajaondoka uwanjani, hata jua likizama.

Jambo la tatu: mshindi hachukui taji lisilo lake.

Tarehe 2 Desemba 2012, huko Burlada katika jimbo la Navarra, nchi ya Uhispania, palikuwa na mbio za nyika. Mkenya Abel Mutai, aliyekuwa amepata medali ya shaba huko London miezi michache tu kabla yake, alikuwa akiongoza. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuuvuka mstari, akalegeza mwendo akasimama. Bado hatua chache tu. Watu wakampigia kelele aendelee, lakini walisema kwa Kihispania, naye hakuelewa. Nyuma yake alikuwa akija Mhispania, Iván Fernández Anaya. Alichotakiwa kufanya ni kumpita tu, naye angekuwa wa kwanza. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa ishara za mikono asonge mbele, hadi Mutai akauvuka mstari kwanza. Baadaye alisema ya kuwa Mutai ndiye aliyestahili kushinda. Ushindi ule angeweza kuuchukua, lakini aliona si wake.

Paulo amwambia Timotheo, katika waraka wa pili, sura ya 2, ya kwamba mshindani hapewi taji asiposhindana kwa halali. Neno hili sasa linaigusa nchi yetu mahali panapouma. Tunajua ya kuwa wakimbiaji wengi wa kwetu wamefungiwa kushindana kwa sababu ya kutumia dawa zilizokatazwa za kuongeza nguvu. Mambo yalifika mahali ambapo mwaka 2016 Bunge letu lilipitisha sheria maalumu ya kuzuia dawa hizo.

Mwaka juzi, usiku mmoja, kijana wa parishi yetu alikuja nyumbani kwangu. Ni mkimbiaji wa barabarani. Akaketi, akaweka mezani kifuko kidogo cha karatasi. Akasema, "Mchungaji, hiki nimekinunua kwa pesa za kukopa. Jumapili ijayo kuna mbio. Nikiingia katika wale wa kwanza mara moja tu, wadogo zangu watarudi shuleni. Baadaye nitaacha." Kijana huyu baba yake alifariki, naye ndiye mzaliwa wa kwanza, na wadogo zake ni wanne.

Wapenzi, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini nikaona ya kuwa ni rahisi sana kwangu mimi, ambaye chakula changu cha kesho kimo ghalani, kumhubiria mtu mwenye njaa habari ya mataji ya mbinguni. Nikanyamaza kwa kitambo. Kisha nikamweleza habari ya mguu wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nilidanganya ili nisionekane nimeshindwa. Wewe unataka kudanganya ili uonekane umeshinda. Ni uongo mmoja. Nami nakuambia, makofi niliyopigiwa siku ile nilipobebwa begani sijapata kuyafurahia hata dakika moja." Tukakaa hadi usiku wa manane. Mwishowe akasimama, tukaenda naye nyuma ya nyumba, tukakitupa kile kifuko katika shimo la choo.

Jumapili ile akakimbia. Zawadi zilitolewa hadi kwa mtu wa kumi. Yeye alikuwa wa kumi na moja.

Aliporudi nilimwogopa. Nilifikiri atanilaumu. Akaniambia, "Mchungaji, nimekuwa wa kumi na moja. Lakini usiku nalala." Hivi leo bado hajatajirika. Amekodi kipande cha shamba, na alfajiri bado anakimbia. Nasi wazee wa kanisa tuliona haya, tukachanga karo ya wawili katika wale wadogo zake, kwa maana si haki kumwambia mtu asiibe halafu tukamwacha na njaa yake. Ninyi wakristo mnaonisikia, kama kuna kijana katika kanisa lenu mnayemtaka awe mwaminifu, muulizeni pia amekula nini.

Wahenga husema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ushindi wa uongo ni mbio za sakafuni. Ukingo wake hauko mbali.

Sasa namalizia na neno moja kwako wewe ambaye, tangu nilipoanza kusema, umekuwa ukijiambia moyoni, "Mimi nilikwisha kutoka nje ya mstari." Labda uliacha ndoa yako. Labda uliacha kanisa kwa sababu ya neno moja ulilosemwa. Labda ulichukua pesa zisizo zako, na hakuna ajuaye ila wewe.

Kwanza, usichanganye kushindwa na kudanganya. Iko siku mwili hukataa kweli kweli. Mwaka 2024, huko Paris, Eliud Kipchoge alishindwa kuimaliza marathoni, na dunia yote ikamwona akiiacha barabara. Mwaka uliofuata alikuwa tena barabarani London akikimbia. Wewe mgonjwa usiyeweza kuinuka kitandani, hakuna anayekulaumu. Kupumzika si kuasi.

Lakini kama uliacha kama nilivyoacha mimi, sikiliza. Mkumbuke Keino kwenye nyasi siku ile ya kwanza. Kwa sheria alikuwa amekwisha kutolewa. Kurudi kwake uwanjani hakukuweza kumrudishia nafasi yake. Alirudi hivyo hivyo, akamaliza bila kuhesabiwa. Hiyo ndiyo nguvu ya binadamu hodari, na hapo ndipo inapoishia. Waamuzi hawakuweza kuliandika tena jina lake katika mbio zile.

Bwana wetu anaweza. Petro alitoka nje ya mstari mara tatu usiku mmoja, mbele ya moto wa makaa, kwa hofu ya kijakazi. Yesu alimfuata hadi ufuoni, akawasha tena moto wa makaa, akamtayarishia samaki, akamwuliza mara tatu kama ampenda, akamrudisha kazini. Hakumwambia amalize bila kuhesabiwa. Aliliandika jina lake upya. Aliweza kufanya hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe alikwenda mwendo wake hadi mwisho, akauvumilia msalaba, wala hakushuka walipomwambia ashuke. Ndiyo maana Waebrania yatuambia tumtazame yeye. Hatuokolewi na uvumilivu wetu. Tunaokolewa na uvumilivu wake, kisha wa kwetu huzaliwa humo.

Nilisema mama yangu aliukanda mguu wangu jioni tatu. Miaka mingi baadaye, siku moja kabla sijawekewa mikono kuwa kasisi, nilikwenda kwake. Sikuweza kusimama mbele ya Askofu nikiwa na uongo ule tumboni. Nikamweleza yote, hadi habari ya kuku wake wawili. Alikuwa akichambua maharagwe, wala hakuinua kichwa. Akasema, "Mwanangu, nilijua. Siku ya kwanza ulichechemea mguu wa kulia, na siku ya tatu wa kushoto."

Nikamwuliza, "Basi mama, mbona ulikuwa ukinikanda?"

Akasema, "Nilikuwa nikingoja useme mwenyewe."

Mpendwa msikilizaji, Mungu wako naye ajua ni mguu upi. Amekuwa akikukanda kwa rehema zake jioni kwa jioni, huku akingoja. Mwambie leo.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyetuita tukimbie, wala hukutuacha tukimbie peke yetu: utupe kujitawala pale tusipoonekana, uvumilivu pale tunapopitwa, na uaminifu pale tunapoweza kudanganya. Wainue walioanguka. Wapumzishe waliochoka. Uwarudishe waliotoka njiani, ukawahesabu tena miongoni mwa wako. Uwalinde vijana wetu wanaokimbia, ili wasiupate ulimwengu na kupoteza nafsi zao. Na siku mwendo wetu utakapokwisha, hata tukiingia wa mwisho na jua limezama, utujalie tukukute ungali ukitungoja, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.